Miaka minne nasimamia watu tisa nisiowaona: kilichokuwa kinaniangusha ni voisi zangu, si uvivu wao

#1 Karani wa Tabata

Wakuu heshima kwenu.

Mwezi uliopita kuna mtu aliuliza humu, "Mfanyakazi wa nyumbani nitajuaje kama kweli anafanya kazi?" Nusu ya waliojibu walidhani anamsema dada wa kazi, wakaanza kumshauri aweke kamera jikoni. Kumbe mwenzetu alikuwa anamaanisha mhasibu wake aliyehamia Iringa. Nilimwahidi nitarudi na uzi, ndio huu. Ni mrefu, mwenye haraka apite.

Nina kaofisi ka kutunza vitabu vya hesabu. Wateja wetu ni maduka ya vipuri, maduka ya dawa, shule mbili za binafsi na hoteli ndogo kadhaa. Hadi 2021 tulikuwa na vyumba vitatu hapa Dar. Kodi ilipopanda tukavirudisha, na tangu hapo kila mtu anafanyia kazi alipo. Tuko kumi. Mimi Tabata, wengine wako Mwanza (wawili), Arusha (wawili), Moshi, Dodoma, Mbeya, Kigoma na Unguja. Wanne kati yao sijawahi kufanya nao kazi ofisi moja hata siku moja.

Kwa wasioijua kazi hii, mwezi wetu una milima miwili. Tarehe 7 PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya ufundi stadi) za wateja lazima ziwe zimekwenda, tarehe 20 ritani za VAT (taarifa za kodi ya ongezeko la thamani). Ukichelewa, faini haiulizi nani yuko Kigoma na nani yuko Tabata. Kwa hiyo mwanzoni swali langu lilikuwa moja tu: hawa watu wanafanya kazi au wamelala?

Swali hilo ndilo lililonifanya nikoroge kila kitu mwaka wa kwanza.

Nilianza na amri kwamba Zoom iwe wazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, kamera zote zimewashwa. Ilidumu siku tatu. Siku ya nne watu sita walikuwa wameshamaliza bando la wiki nzima, na wa Dodoma alikuwa anakaa wima anatazama mbele kama anapigwa picha ya pasipoti. Nikaiondoa. Nikanunua programu inayopiga picha skrini ya mtu kila baada ya dakika 10, halafu jioni inampa asilimia ya "uchangamfu". Nikawa mtu wa kuamka na kusoma asilimia, vitabu vya wateja nikaviacha.

Sasa sikilizeni. Kijana wa Mbeya alikuwa anapata 38, 41, siku mbaya 29. Dada mmoja wa Arusha hashuki 90. Kwenye grupu la WhatsApp nako hivyo hivyo: nikiandika neno, yule dada anajibu "sawa bosi" kabla sijaweka simu chini. Mbeya kimya mpaka jioni. Barua ya onyo ya Mbeya niliichapa kabisa. Ninayo hadi leo.

Kabla sijaituma, yule mwingine wa Arusha akaenda likizo ya uzazi. Kwenye karatasi ya makabidhiano akaandika: "Risiti za EFD zilizokosewa na ankara zenye TIN yenye utata, mpigie wa Mbeya, ndiye huwa ananielekeza." (EFD ni mashine ya risiti za kodi, TIN ni namba ya mlipakodi.) Nikashtuka. Nikawapigia wote mmoja mmoja, nikawauliza: ukikwama unampigia nani? Sita kati ya wanane wakamtaja huyo huyo.

Yaani mtu kutwa yuko kwenye simu anafundisha ofisi nzima, kompyuta yake imetulia, na programu yangu inamhesabu mvivu. Kazi zake mwenyewe anazifanya usiku, ndiyo maana zilikuwa zinachelewa. Nikaenda kufungua faili za dada wa asilimia 90. Hoteli mbili zilikuwa na miezi mitatu ambayo taarifa ya benki haijalinganishwa na daftari. Na hakuwa anadanganya. Alikuwa anashughulika kweli, ila alikuwa anashughulika kunijibu mimi.

Naendelea chini.

#2 Karani wa Tabata

Hili la voisi ndilo la aibu zaidi.

Mimi ni mtu wa kuongea. Nikiwa kwenye foleni ya Buguruni nashika simu, natuma voisi. Dakika nne, dakika sita. Nilijiona namaliza kazi. Siku moja hoteli ya Unguja ikapigwa faini kwa sababu ritani ilikwenda na makosa, nikampigia aliyeijaza nikiwa nimepandwa na hasira. Akaniambia kwa upole, "Lakini bosi ulisema mwenyewe." Nikairudia voisi yangu ili nimwoneshe kwamba sikusema. Dakika ya pili nimesema ankara zote tatu ziingie mwezi huu. Katikati nikasalimiana na mtu dirishani. Dakika ya tano nikasema "hapana, zile mbili ziache kwanza". Yeye alifika dakika ya tatu umeme ukakatika, akafanya alichosikia. Faini tukailipa sisi, si mteja.

Siku hiyo nilihesabu voisi nilizotuma mwezi ule: 140 na ushee. Hakuna hata moja ambayo mtu angeweza kuitafuta baadaye akaipata. Ofisi ya chumba kimoja inavumilia maagizo ya mdomo kwa sababu mtu akisahau anageuka na kukuuliza. Aliye Kigoma hana pa kugeukia, na atakayempigia ni yule kijana wa Mbeya.

Nikaweka sharti, na mimi ndiye wa kwanza kulivunja: agizo lililosemwa kwa mdomo halijatumwa. Voisi ruksa kusalimiana, kupongezana, kupeana pole. Kazi inaandikwa. Na isiandikwe "naomba ushughulikie ile ya Kwa Mrombo" bali hivi (hii ni ya kweli, nimeondoa jina la mteja tu; taarifa ya Z ni jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine ya EFD):

"Moshi: duka la dawa, mauzo ya Februari. Linganisha taarifa ya Z ya kila siku na daftari la mauzo. Siku ambazo hazilingani ziorodheshe, usizirekebishe. Nataka orodha Alhamisi saa 8 mchana. Kukiwa hakuna tofauti andika 'hakuna' ili nijue umeangalia."

Sentensi ya mwisho ndiyo iliyonipunguzia simu nyingi kuliko nyingine zote. Zamani mtu akimaliza bila kukuta tatizo ananyamaza, mimi nadhani hajaanza, nampigia, ananikasirikia kimoyomoyo.

Halafu tuna daftari la maamuzi. Ni faili moja la pamoja, kila uamuzi na tarehe yake. "14 Machi: ankara isiyo na TIN ya mnunuzi irudishwe kwa mteja, tusijaze wenyewe." Mgeni akija namwambia asome hilo kabla hajaniuliza chochote. Lina kurasa kama arobaini sasa, na nyingi zimeandikwa na Mbeya, kwa sababu kila alichokuwa anafundisha kwa simu nilimwomba akiandike, na saa za kuandika nikamhesabia kama kazi.

La tatu lilikuwa gumu kuliko nilivyotegemea. Nilisema maswali ya kazi yaulizwe mbele ya wote, si faragha. Wiki mbili grupu lilikuwa kama makaburini. Nani anataka kuonekana hajui mbele za watu? Na tuna mama mmoja pale Moshi, amenizidi miaka kumi na tatu, kila Jumatatu namwamkia kwa simu kwanza ndipo tuongee kazi. Mtoto wa miaka 25 atamwambia nini mama huyu hadharani? Nikaanza kuuliza maswali ya kijinga mimi mwenyewe, kwa makusudi. "Jamani hivi SDL ya yule mwenye wafanyakazi tisa inakuwaje?" Nilikuwa najua jibu. Siku ya tatu mama wa Moshi akanijibu kwa aya nzima, na kufuli likafunguka. Lakini kosa la mtu halisemwi hapo. Kosa ni faragha, swali ni hadharani. Ukizichanganya hizo mbili utabaki na grupu la "sawa bosi" peke yake.

Ile programu ya picha niliifuta. Maswali karibuni.

#3 Chai Haina Sukari

Mkuu hii chai. Yaani watu tisa mikoani, hakuna hata mmoja anayekutapeli? Mimi niliajiri jamaa wa mitandao ya kijamii, nyumbani kwake Kimara, miezi miwili nikagundua ana waajiri watatu. Mbongo bila kusimamiwa hafanyi kazi.

#4 Karani wa Tabata

Sijasema hakuna tapeli. Tulikuwa na mmoja wa Dodoma (huyu wa sasa ni mwingine). Nilimjua kwa orodha za Alhamisi: wiki tatu mfululizo orodha zake zilikuwa "hakuna", "hakuna", "hakuna", na mteja ni duka la vipuri ambalo mimi mwenyewe najua mashine yake ya EFD hulala siku mbili kila mwezi. Alikuwa hafungui hata faili. Programu ya picha ilikuwa imempa 77.

Wako wa Kimara, mkuu, ulimwambia alete nini na lini? Au ulimwambia "simamia kurasa zetu"?

#5 Chai Haina Sukari

Nilimwambia asimamie kurasa.

Haya endelea.

#6 Dada wa Nyakato

Naomba niongee upande wa pili, maana mabosi mmejaa humu.

Nafanya kazi nyumbani Mwanza, mwajiri wangu yuko Dar, mwaka wa tatu huu. Shida yangu kubwa kuliko zote si intaneti. Ni kwamba mtaani sina kazi. Mama mkwe akija ananikuta na kanga nimekaa mbele ya kompyuta, kwake mimi "nipo nipo tu". Mtoto wa jirani akiumwa, mimi ndiye wa kumpeleka kituo cha afya kwa sababu "wewe si upo". Msiba ukitokea naulizwa kwa nini nimekuja jioni wakati nashinda nyumbani. Mwaka jana niliamua kuvaa viatu. Kweli nawaambia, nikiamka navaa kama naenda ofisini, na viatu, ndani ya nyumba. Kuanzia hapo nikaanza kuulizwa "unatoka saa ngapi?" badala ya kutumwa dukani.

Mabosi msidhani mtu aliyenyamaza saa 5 asubuhi amelala. Huenda anamuuguza mtu ambaye hakuwa na wa kumuuguza. Niachieni nipange saa zangu, niambieni tarehe, kazi mtaikuta.

La pili, simu za usiku. Bosi wangu wa zamani alikuwa ananipigia saa 3 usiku kuuliza kitu ambacho hakihitajiki mpaka keshokutwa. Nisipopokea, kesho ananiuliza "ulikuwa wapi?" Nilikuwa nyumbani kwangu, baba. Kwani kuna mahali pengine?

#7 Wakili wa Mtaani

Dada wa Nyakato amenigusa. Niweke la kisheria kwa Tanzania Bara, kwa kifupi, maana naona watu wanadhani ukifanyia kazi sebuleni sheria inabaki mlangoni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka saa 45 kwa wiki na zisizozidi 9 kwa siku. Zaidi ya hapo ni saa za ziada, ziwe za makubaliano, na malipo yake ni mara moja na nusu ya kawaida. Hata mkikubaliana, zisipite saa 50 ndani ya wiki nne. Kazi ya usiku, yaani kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza yake ya asilimia 5. Wanaosimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa wa juu wako nje ya hesabu hizo, kwa hiyo mleta uzi wewe kesha tu.

Kuhusu programu ya picha za skrini: inanasa salio la benki la mtu, ujumbe wa mume wake, majibu ya hospitali. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka uwe na sababu halali, mhusika ajue unakusanya nini na kwa ajili gani, na usikusanye kupita kiasi. Picha 50 kwa siku za skrini ya karani ni za kazi gani?

Na Karani, kijana wako wa Mbeya alikuwa anafanya kazi usiku mwaka mzima. Hapo mkuu ulikuwa na deni.

#8 Karani wa Tabata

Nililipa. Si kwa sababu nilikuwa naijua sheria, sikuijua. Tulikaa tukakadiria saa, tukalipana kwa awamu tatu.

#9 Msafiri wa Nairobi

Niko Kenya, nasimamia timu ya kuhudumia wateja kwa simu na barua pepe. Watu wako Mombasa, Kigali na Bujumbura, na mkubwa wetu ako Amsterdam. Hakuna aliyegusa saa, na saa ndiyo ilinitoa jasho.

Kigali na Bujumbura wako nyuma yetu saa moja. Hilo nilijua. Sikujua kwamba Kiswahili chetu kingeongeza matata. Wiki ya kwanza niliandika "Kikao saa nne". Wa Mombasa akaingia saa nne asubuhi, sawasawa. Wa Bujumbura akaingia saa nne ya kwao, ambayo kwangu ni saa tano. Mkubwa wetu alitia ujumbe kwenye programu ya kutafsiri, ikampa "four", akaketi akitungoja saa kumi jioni ya Amsterdam. Alidhani tumemdharau.

Halafu Wazungu wanageuza saa. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasonga mbele, Jumapili ya mwisho ya Oktoba wanarudi nyuma. Wakati wa baridi tuko mbele yao saa mbili, wakati wa joto saa moja. Kila mwaka, wiki ya kwanza baada ya kugeuza, kuna mmoja wetu anakosa kikao. Siku hizi naandika 10:00 na mji: "10:00 Nairobi". Hakuna neno "saa" kwa ujumbe wowote wa ratiba.

#10 Karani wa Tabata

Umenikumbusha "kesho asubuhi". Kwetu neno hilo lilikuwa linaanzia saa 12 na kuishia saa 7 mchana, inategemea nani anasoma.

#11 Mzani wa Pamba

Vijana wangu, nimesoma yote, mnanifurahisha. Mnaongea kama kusimamia mtu wa mbali kumeletwa na intaneti.

Miaka ya themanini nilikuwa nasimamia vituo vya kununulia pamba upande wa Maswa na Bariadi. Vituo 14. Kila kituo kina karani wa mizani, mlinzi, na sanduku la fedha. Barabara mnazijua au mmezisikia. Kituo kingine nilikuwa nakifikia mara mbili kwa msimu. Simu hakuna. Tulikuwa na redio koli, na betri yake ya kubembeleza.

Saa 12 jioni kila siku naita vituo kwa zamu. Karani anasoma vitu vitatu: kilo alizonunua leo, fedha iliyobaki sandukuni, na kikwazo. Basi. Dakika moja kila kituo, kwa sababu betri haisubiri maneno na vituo vingine vyote vinasikiliza. Kilo na fedha nilikuwa naziandika kwenye daftari bila kuzifikiria sana, hizo zilikuwa zinajihukumu zenyewe mwisho wa wiki. Nilichokuwa nasikiliza ni kikwazo. Huyu magunia yamekwisha, yule lori halijafika siku nne, mwingine wakulima wametia maji na mchanga kwenye pamba na wanataka kumpiga.

Na karani aliyekuwa ananisomea "kikwazo hakuna" wiki nzima, huyo ndiye nilikuwa napanda Land Rover kwenda kumwona. Kituo kisicho na shida katikati ya msimu wa pamba hakipo duniani. Ama haendi kazini, ama anaogopa kusema. Mara nyingi lilikuwa la pili. Niliwahi kumkuta mmoja amekaa na fedha pungufu siku tisa, hajaiba, alikosea kuhesabu siku ya soko na akaogopa. Amekonda. Angesema siku ya kwanza tungemaliza kwa kalamu.

Kijana wa Tabata, orodha zako za "hakuna" ziangalie kwa jicho hilo.

#12 Karani wa Tabata

Shikamoo mzee wangu.

Nimeisoma mara tatu hii. Mimi yule wa Dodoma nilimkamata kwa bahati tu, kwa sababu naijua ile mashine ya EFD. Sikuwa na utaratibu wa kuuliza kikwazo. Kuanzia kesho jioni nauweka: mistari mitatu, kwenye grupu mbele ya wote, na mstari wa tatu ni kikwazo.

#13 Mzani wa Pamba

Marahaba. Uanze wewe kusoma kikwazo chako. Mimi nilikuwa naanza na changu: "Hapa makao makuu fedha haijaja kutoka benki." Wakisikia mkubwa naye amekwama, wanasema.

#14 Kalamu ya Jioni

Niongezee kitu kwa wanaopenda ushahidi. Kuna jaribio la kampuni ya safari ya Ctrip kule Shanghai, lilianza 2010, Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake ndio walioliandika. Walichukua watu wa kituo cha simu waliojitolea, wakawagawa kwa tarehe ya kuzaliwa: shufwa nyumbani siku nne kwa wiki, witiri wabaki ofisini. Miezi tisa. Wa nyumbani ufanisi ulipanda asilimia 13, na walioacha kazi walipungua kwa nusu.

Watu huishia hapo wakashangilia. Mimi nilipenda mengine mawili. Kwanza, kuruhusiwa kushiriki ilibidi uwe na chumba chako cha kufanyia kazi na intaneti ya uhakika. Sasa rudini kwa Dada wa Nyakato na mama mkwe wake. Wangapi hapa wana chumba cha peke yao? Pili, kwa kiwango kile kile cha kazi, waliokuwa nyumbani walipandishwa cheo mara chache kuliko wa ofisini. Walizalisha zaidi wakasahaulika. Na jaribio lilipoisha, watu walipopewa uhuru wa kuchagua, karibu nusu ya wale wa nyumbani walirudi ofisini, wengi kwa upweke.

Kwa hiyo Karani, swali: umeshawahi kumpandisha mtu wa mkoani?

#15 Karani wa Tabata

Swali zuri na linauma. Mpaka 2023, hapana. Wawili niliowaongeza mshahara mwaka 2022 wote walikuwa ni wale niliowahi kukaa nao ofisi ya zamani. Sikufanya makusudi. Ukiulizwa "nani yuko vizuri", sura inayokuja kichwani ni ya uliyekula naye wali maharage.

Sasa hivi Mbeya ndiye mkuu wa ukaguzi wa ndani, ritani haiendi bila yeye kuiona. Na upweke upo, nakubali. Mara mbili kwa mwaka tunakutana wote, mara nyingi Dodoma kwa sababu ni katikati, siku tatu. Siku ya kwanza hatufanyi kazi kabisa. Gharama yake ni kama kodi ya miezi minne ya vile vyumba vya Dar, bado naona nimeokoa.

#16 Fundi wa Majedwali

Mkuu hapo kwenye umeme na bando umepita juu juu. Ndiyo nondo tunazosubiri. Mgao ule wa mwisho wa 2023 mliutokaje?

#17 Karani wa Tabata

Kwa shida. Niseme tulivyofanya, si lazima kiwe sahihi kwenu.

Bando linalipwa na ofisi, linatumwa tarehe 1 kabla ya mshahara, na haliulizwi lilitumikaje. Niliwahi kudai risiti za bando. Ujinga mtupu, nilipoteza saa mbili kwa mwezi kukagua shilingi elfu tano tano. Betri na inverta tulinunua tatu, wakapewa waliokuwa na hali mbaya zaidi, na ni mali ya ofisi. Mgao ulipoanza, kila mtu aliandika ratiba ya mtaa wake kwenye faili la pamoja, tukawapanga wawili wawili ambao umeme haukatiki saa zinazofanana. Mwanza na Mbeya, Moshi na Unguja. Mmoja akizimikiwa, mwenzake anaendelea pale pale alipoishia. Hapo ndipo maandishi yalipotulipa. Huwezi kumkabidhi mtu kazi iliyo kichwani mwako wakati kwako ni giza na simu ina asilimia 4.

Iliyotupima hasa ni Mei 2024. Jumapili ya tarehe 12 mikongo miwili ya baharini ilikatika, intaneti ikawa ya kudondoka tone tone, na tarehe 20 ni Jumatatu ya wiki inayofuata. Faili zetu zote ziko mtandaoni. Mama wa Moshi peke yake ndiye alikuwa na nakala za kila kitu kwenye kompyuta yake, kwa sababu haamini vitu vya hewani na mimi nilikuwa namcheka. Alizikusanya zote kwenye flashi, akaifunga kwa nywila, akaipeleka stendi asubuhi ikaja Dar kwa basi kama kifurushi. Nywila akanitajia kwa simu. Ritani zote zilikwenda kabla ya tarehe 20.

Sasa kila Ijumaa kila mtu anashusha nakala ya faili zake. Ilitufaa tena intaneti ilipozimwa nchi nzima kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, angalau vitabu viliendelea kuandikwa.

#18 Dada wa Nyakato

Mimi bado nina swali moja. Yule dada wa "sawa bosi" ulimfukuza?

#19 Karani wa Tabata

Hapana. Nilimpigia nikiwa nimejiandaa kumfokea, nikamuuliza kwa nini hukusema kwamba zile hoteli mbili zimekushinda. Akasema ofisi aliyotoka, ukichelewa kujibu ujumbe wa bosi dakika kumi unaitwa kujieleza. Miaka minne aliishi hivyo. Kwangu akakuta programu inayopiga picha. Alihitimisha kwamba hata huku kinachotakiwa ni kuonekana.

Hoteli moja nilimtoa, nyingine alikaa na Mbeya wakaimaliza pamoja kwa wiki mbili. Yupo. Hadi leo ndiye wa kwanza kujibu grupu, hiyo haijamtoka. Ila siku hizi mara nyingi anajibu "sijaelewa mstari wa pili".

#20 Msafiri wa Nairobi

Hiyo ya kikwazo nimeiweka kwa timu yangu leo jioni. Watu watano, wanne wameandika "hakuna". Naona nina safari.

#21 Chai Haina Sukari

Mimi nimekubali, nilikuja kubisha tu. Ila Karani, basi na flashi ya wateja wote hao? Ingepotea njiani?

#22 Karani wa Tabata

Ndiyo maana ilifungwa kwa nywila mkuu. Na mama alikuwa na nakala ya pili, alishaiandaa kwa basi la saa 4 endapo la kwanza lingeharibika. Gharama ilikuwa ndogo. Kilichonikera ni kijana wa mizigo pale stendi aliyetaka elfu mbili zaidi kwa sababu bahasha ilikuwa imeandikwa "HARAKA".

#23 Fundi wa Majedwali

Ulimpa?

#24 Karani wa Tabata

Ilikuwa tarehe 16. Ningempa hata kumi.